Mama yuaja New York, shoga nakuomba

Shoga, assalamu alaikum. Najua nimepotea, usinisute, tutasutana siku nyingine. Huku wazima, Bi Mkubwa na magoti yake yale yale, Mama Zuu kashahama Kisauni, hiyo hadithi ntakupigia maana kuandika siwezi.

Sasa sikiliza. Mdogo wangu wa Columbus, huko Ohio, kajifungua, na Mama visa kapata, yuaja mwisho wa mwezi wa 11. Kaka ataka kumkatia tiketi ya kupitia Doha eti ni rahisi. Mimi nimekataa. Kwani Doha ndio njia ya New York? Nairobi mpaka Doha masaa matano na kitu, ukae hapo uwanjani, halafu Doha mpaka JFK, uwanja wa New York, karibu 14 tena. Mama wa miaka 68 na miguu inayovimba!

Nataka ile ya KQ, Kenya Airways, ya moja kwa moja mpaka New York, ile walioanza Oktoba 2018. Kaka kaangalia kwenye simu kaona ni kama kilomita 11,800, akagawanya kwa 900, aniambia masaa 13 tu. Hesabu za darasa la sita hizo. Ndege ikielekea huko yapambana na upepo wa juu unaotoka magharibi, kwa hivyo ni 15, kurudi ndio 14 kwa kuwa upepo wasukuma. Na huondoka usiku, Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600, hewa nyepesi, sasa ndege imebeba mafuta ya safari yote hiyo, ile baridi ya usiku yaisaidia kunyanyuka.

Lakini Mama hayo hayamshughulishi, yeye swali lake moja tu, "Subuh ntaiswali wapi?" Nikakaa nikapiga hesabu weee. Aondoka karibu saa sita usiku, afika saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya huko, ambayo huku ni saa nane u nusu mchana. Yaani masaa 15 yote giza, jua lamfukuza kwa nyuma na halimpati! Subuh itaingia wakikaribia kushuka. Nimemwambia aswali kitini, kasema ataona. Ukimjua Mama, ataona kweli, atasimama kwenye korido.

Sasa ombi. Hapo JFK ndio uhamiaji, mabegi achukue mwenyewe apitishe forodha, halafu ayakabidhi tena kwa ndege ya Columbus. Kiingereza chake wakijua. Wilchea, kile kiti cha magurudumu, ntamuombea, ila nataka akitoka nje akuone wewe, umkalishe, umpe chai ya rangi, umfikishe kwenye foleni ya ndege ya pili. Na umkague, nimemkataza nyama na maembe mabichi lakini achari sijui kaificha wapi. Mabuyu yako yamo, usijali.

Kaka asema nasumbua watu. Nasumbua?

Hebu nambie, asubuhi hiyo utakuwa kazini? Kutoka hapo Queens kwenda uwanjani alfajiri ni muda gani? Hiyo saa moja mnayorudisha nyuma huko kila Novemba itakuwa mshairudisha, tofauti ni 8 sio 7, sindio? Masaa manne kabla ya ndege ya Columbus yatosha au nimuongezee? Na baridi je, buibui na sweta yatosha ama utamletea koti? Nijibu kabla ya Ijumaa, Kaka asije akalipa ya Doha.