Shamba la Baba lisiuzwe kabla ya arobaini

Iowa City, Marekani

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama wewe, Mama na wadogo zetu, mkiendelea kupokea wanaokuja kutupa pole kwa msiba wa Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mimi ni mzima.

Umeniandikia kwamba mnunuzi wa shamba la michungwa la Muheza anataka jibu kabla ya mwezi kwisha, na kwamba tuweke hisia kando, tutazame hesabu peke yake. Kwa heshima zote, Kaka, hapo sikubaliani nawe. Katika chuo kikuu cha huku Iowa, daktari wa mishipa ya fahamu aitwaye Antonio Damasio alimchunguza mgonjwa aliyempa jina la Elliot, ambaye alikuwa ameondolewa uvimbe katika sehemu ya mbele ya ubongo. Vipimo vya akili alivifaulu vizuri. Alichopoteza ni kuguswa moyo, hata aliweza kusimulia balaa lake mwenyewe kana kwamba limempata mtu baki. Ungedhani mtu wa namna hiyo ndiye angeamua vema kuliko sote. Kumbe angeweza kutumia mchana mzima akipima apange makaratasi kwa utaratibu gani, na mwishowe kazi, mali na ndoa vyote vikamponyoka.

Ndiyo maana nasema machozi ya Mama yaingie katika hesabu zetu. Anaposema hataki kaburi la Baba libaki kwenye shamba la mgeni, anataja thamani ambayo bei ya mnunuzi haikuigusa. Wala simaanishi kwamba kila hisia ifuatwe. Hamu ya mdogo wetu ya kupata mtaji wa pikipiki, na hofu yetu sote juu ya deni la hospitali, nazo ni hisia, ingawa zinazungumza kwa tarakimu, na msiba ukiwa mbichi kila jambo huonekana la dharura.

Deni ni la kweli na lazima lilipwe, ila halifikii thamani ya shamba zima. Msimu unakaribia, mnaweza kuuza machungwa yakiwa bado mtini kwa wafanyabiashara wanaopeleka mizigo Nairobi, kama Baba alivyofanya miaka ya shida, japo najua kwamba bei ya namna hiyo humpunja mkulima. Mimi nitatuma ninachoweza mwisho wa mwezi. Pakibaki pengo, ikatwe sehemu ya bondeni, mbali na kaburi, Mama akiwa ameridhia mwenyewe, na jambo lipitie halmashauri ya kijiji, maana ardhi ya kijiji haiuzwi kwa makubaliano ya pembeni.

Mnunuzi asipokubali kungoja arobaini ipite, mwacheni aende zake. Naomba umsomee Mama barua hii yote, pamoja na yale usiyokubaliana nami, kisha uniandikie atakachosema.

Ni mimi mdogo wako.