Maji ya Hola

Mpendwa Naliaka,

Salamu nyingi. Barua yako ilinifikia, na ile hoja ya mwisho haijaniacha: kwamba habari za Mau Mau, wapiganaji walioasi utawala wa Waingereza nchini Kenya, zisifukuliwe, kwa kuwa pande zote ziliua na ushahidi umepotea. Haukupotea, rafiki yangu. Ulichomwa na kufichwa.

Chukua Hola, kambi ya kizuizini ya wakoloni nchini Kenya. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kizuizini walipigwa marungu na askari jela hadi wakafa, kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya serikali ya kikoloni ikasema walifariki baada ya kunywa maji. Maji! Maiti zilipopasuliwa, madaktari walikuta majeraha ya kipigo. Hata hivyo hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo, na mahali penyewe pakabatizwa jina jingine, Galole.

Mwaka 1961 London iliagiza kwamba hati za kuiaibisha zisiachiwe serikali za nchi zitakazopata uhuru. Nyingi ziliteketezwa, nyingine zikasafirishwa kimyakimya. Wazee wetu walipofungua kesi ya mateso ya kambini kule 2009, Uingereza ilijitetea kwamba dhamana ya mateso hayo ilirithiwa na Kenya. Ni 2011 ndipo ilipokiri kuwa na maelfu ya majalada ya makoloni yake huko Hanslope Park, hifadhi ya serikali nchini Uingereza. Mwaka 2013 ikaeleza masikitiko na kukubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya watu 5,228.

Linaloniuma zaidi ni letu wenyewe. Marufuku ya wakoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki katika sheria za Kenya huru hadi 2003. Mjane wa mpiganaji aliishi karibu miaka 40 ya uhuru huku sheria ikimhesabu mumewe kuwa mtu wa kundi haramu.

Utaniuliza, na Lari je? Lari ni kweli. Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walivamia eneo hilo, na wanawake na watoto wakateketezwa ndani ya nyumba zao, nao wanastahili kuliliwa bila masharti. Ila sikiliza Lari inapotajwa: mara nyingi ni pale mtu anapoanza kuzungumzia kambi za kizuizini. Na kisasi cha vikosi vya serikali kilichofuata, kilichoua watu wengi pia, huachwa nje ya masimulizi.

Niandikie upesi. Nataka hasa kujua kama Hola inafundishwa darasani kwenu, na kwa maneno gani.

Wako,
Mumbua