Mkono wa kulia unakufa ganzi, na mkasi ndio riziki yangu

Daktari wa safu hii, asalaam aleikum. Na wasomaji wenzangu nawasalimu.

Mimi ni mama wa miaka 43, fundi cherehani, naishi Ujiji hapa Kigoma. Nashona sare za shule, madera na mishono ya vitenge. Tatizo langu ni mkono wa kulia: unakufa ganzi, vidole vinachoma sindano sindano, na sasa umeanza kuniangusha kazini. Kila mtu hapa nyumbani ameshaupa ugonjwa huu jina lake. Nimeshapimwa na kuelezwa mengi, ila kwenye kuamua ndipo nimekwama.

Shida kubwa ni usiku. Nashtuka usingizini nahisi vidole vimevimba, lakini nikiwasha tochi ya simu naona viko vilevile. Vinavyosumbua ni gumba, cha shahada, cha kati, na cha pete upande mmoja tu, ule unaoelekea cha kati. Kidole kidogo hakina neno kabisa. Naukung'uta mkono pembeni ya kitanda mpaka ganzi iondoke, nalala, kisha inarudi. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, usiku wa giza anakuwa ziwani. Mbalamwezi ikitoka analala nyumbani, na hapo ndipo ninaposikia malalamiko kwamba namkung'utia mkono usoni.

Mchana hunipata nikishika simu sikioni kwa muda, au nikikata kitambaa. Sare hatukati moja moja. Unapanga kitambaa tabaka juu ya tabaka, unachora na chaki, kisha unaingia na mkasi mkubwa, na hapo kifundo cha mkono ndicho kinabeba kazi yote. Nikifika katikati ya sketi vidole havisikii tena. Pini inanidondoka na sijui kama imedondoka. Kutunga uzi siku hizi namwachia binti ninayemfundisha kazi.

Jirani yangu alisema ni moyo, kwa sababu kuna siku maumivu hupanda hadi begani. Wifi yangu akasema ni kiharusi kinakuja polepole, akawa ananiambia nicheke aone kama mdomo umekwenda upande. Mama mkwe wangu anaamini nimetupiwa kitu na fundi mwenzangu tuliyegombania zabuni ya sare. Mwenye duka la dawa hakuwa na maneno mengi, aliniuzia diklofenaki ya kutuliza maumivu na vidonge vya vitamini B.

Nikaenda zahanati, nikamkuta tabibu kijana, mtulivu. Presha 128 kwa 80. Sukari kabla sijala 5.1, na hilo lilinipunguzia hofu maana mama yangu mzazi ana kisukari. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, ni vidole vipi?" Nikamwonyesha. Akaniambia nikutanishe migongo ya viganja, vidole vikitazama chini, nikae hivyo dakika moja. Dakika haikufika, vidole vilevile vikaanza kuchoma. Akanigongagonga kwa ncha ya kidole chake kwenye kifundo, upande wa kiganja, nikahisi kama shoti ya umeme imekimbilia kidole cha kati.

Alinieleza kwa kunichorea nyuma ya karatasi. Kwenye kifundo kuna njia nyembamba, chini na pembeni ni mifupa, juu imefunikwa na kano ngumu. Ndani ya njia hiyo zinapita kano nyingine tisa, za kukunjia vidole, na katikati yao mshipa mmoja wa fahamu. Vitu vikivimba humo ndani, kinachoumia ni huo mshipa. Usiku tunalala tumekunja kifundo bila kujua, njia inazidi kubana. Kidole kidogo kimesalimika kwa sababu kina mshipa wake mwingine, unaopita nyuma ya kiwiko. Alisema ganzi ya moyo au kiharusi haichagui vidole vitatu na nusu. Kiharusi huja ghafla, mkono unaishiwa nguvu, uso unakwenda upande, maneno yanakorogeka, na hapo mtu asisubiri hata saa moja. Na maumivu ya mkono yakija pamoja na kifua kubana, jasho na pumzi kukata, hiyo nayo ni hospitali moja kwa moja.

Alinikagua na ngozi pia, kama nina baka lisilohisi mguso, akapapasa mshipa wa kiwiko kuona kama umenenepa. Alikuwa anatafuta dalili za ukoma, maana nao huanzia kwenye ganzi, na dawa zake hutolewa bure. Hakukuta kitu. Kuhusu vidonge aliniambia vitamini B inamsaidia aliyepungukiwa, mfano mtu aliyetumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi akapungukiwa vitamini B12 (nikamkumbuka mama, nimeshamwambia aulize kliniki yake). Lakini B6 nyingi kwa muda mrefu nayo huharibu mishipa ya fahamu. Vidonge nimeviacha.

Ushauri wake ulikuwa nipumzishe mkono, na usiku nivae kifaa cha kunyoosha kifundo. Kifaa chenyewe sikukipata madukani hapa, na mimi fundi bwana, nikajishonea: kipande cha jinzi, mfuko mrefu katikati, ndani nimetia nusu ya rula ya mtoto, juu mikanda miwili ya kunatisha. Kifundo kinakaa sawa, hakiinami wala hakiinuki. Kwa kweli kilinisaidia, nikapata tena usingizi wa kulala mpaka adhana. Wenzangu wawili wa sokoni wameshaagiza vya kwao, nimewaambia waende wakapimwe kwanza.

Sasa shida iliyonifanya niandike. Tabibu alinionya kwamba nikiona ile nyama iliyotuna chini ya gumba inabonyea, nisingoje. Juzi niliweka viganja viwili pamoja mezani. Cha kushoto kimejaa, cha kulia kina kibonde. Na mfuniko wa chupa ya mawese siku hizi nafunguliwa. Nikaenda hospitali kubwa. Daktari aliniambia kuna njia mbili. Kuna sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, kwenye kifundo, inayoweza kunipa nafuu ya wiki au miezi kadhaa, lakini mara nyingi hali hurudi. Na kuna upasuaji mdogo wa kukata ile kano ya juu ili mshipa upate nafasi, mkono unatiwa ganzi tu, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa jinsi nyama ilivyoanza kupungua, yeye anaona upasuaji ndio unaonifaa. Ila baada ya hapo kazi ya kukaza mkono nisahau kwa wiki kadhaa.

Wiki kadhaa hizo zinaangukia wapi? Kuanzia mwisho wa Novemba hadi shule zifunguliwe Januari ndipo ninapopata hela ya mwaka mzima. Malipo ya awali ya shule moja nimeshapokea na nimeshanunulia kitambaa. Binti anashona mstari ulionyooka vizuri tu, lakini mkasi bado. Kitambaa kikikatwa vibaya hakirudi, na hasara ni yangu. Kumwita fundi mwingine anikatie inawezekana, ila faida yote itakwenda kwake.

Halafu kuna nyumbani. Mama mkwe ananipenda, na watoto wangu amenilelea. Kila jioni ananikanda mkono kwa mafuta ya moto ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, nami namwachia kwa sababu naona hayana madhara, japo akikandamiza pale kwenye kifundo ganzi huzidi. Lakini sasa amepanga kunipeleka kwa mganga nichanjwe chale palepale kifundoni. Nikimtajia upasuaji ananitolea mfano wa mtu aliyefanyiwa mkono ukapooza. Nimemwambia, "Mama, huu mkono hausikii hata pini, wembe utausikiaje?" Alinyamaza siku nzima, na katika nyumba yetu mama akinyamaza hakuna anayekula kwa raha. Mume wangu yuko katikati. Anasema tumalize sare kwanza, halafu twende Mwanza, hospitali ya Bugando, wakaniangalie upya.

Basi Daktari naomba unisaidie. Hii nyama ya gumba inaweza kuvumilia miezi mitatu, au ikishapungua ndiyo basi, hairudi hata nikipasuliwa? Nikichomwa sindano sasa ili nivuke msimu, nitakuwa nimeusaidia mkono au nimeficha tu ugonjwa huku mshipa unaendelea kuumia? Na maumivu yanayopanda begani, je, yanatoka kwenye kifundo hichohicho au shingo nayo ina lake? Mimi huinama kwenye cherehani kutwa, na shingo hunikaza. Nisije nikapasuliwa kifundo kumbe ugonjwa uko shingoni.

Na ninyi mafundi wenzangu, au yeyote aliyefanyiwa upasuaji huu, niambieni ukweli: mlirudi kushika mkasi baada ya muda gani, na vidole vilipata tena hisia ya kuijua pini? Kinamama mnaoishi na wakwe nanyi nisaidieni. Nimwambieje mama kuhusu chale bila kumvunja moyo? Nimefikiria niende naye hospitali, daktari amweleze mwenyewe na karatasi ile ya mchoro aione. Sijui kama kwa mtu mzima wa rika lake hiyo ni heshima au ataona nimemshtaki.

Naomba jina langu lisitoke.

Mama Fundi,
Ujiji, Kigoma