Kwa Nini Hatufuti Kivuli Usoni Mwako

Wateja wetu wengi, wanapokabidhiwa picha zao kwa mara ya kwanza, hutuuliza mbona upande mmoja wa uso una giza, na kama hatuwezi kuung'arisha kidogo. Tunaliheshimu swali hilo, kwa kuwa mtu amelipa fedha yake na anataka apendeze, ila humwomba akae na picha hiyo dakika chache kabla hatujaigusa, maana giza analolilalamikia ndilo linaloinua pua yake, linalolipa shavu mviringo na kuyapa macho kina.

Anayeishi Mji Mkongwe wa Zanzibar anaweza kulithibitisha hili bila kamera. Atafute mlango wa nakshi unaotazama magharibi. Jioni, jua linapoukabili uso kwa uso, maua yaliyochongwa kwenye fremu huonekana kana kwamba yamechorwa tu kwa kalamu. Lakini mapema mchana, jua linapoteremka kwa kuuparuza ukuta, kila jani hupata ukingo mweupe juu na mstari mweusi chini yake, hata alama za patasi zikaonekana. Mbao ni zilezile na fundi ni yuleyule; kilichobadilika ni upande unakotoka mwanga. Jua hilohilo la mchana, hata hivyo, huuharibu uso wa mtu, kwa sababu linapomulika kutoka utosini huyafunika macho kwa kivuli, na ndiyo maana picha za nje tunazipanga kuanzia saa kumi jioni. Nayo flashi iliyofungwa juu ya kamera ina kasoro ya kinyume: mwanga wake hutokea palepale aliposimama mpiga picha, vivuli vyote hurudi nyuma ya mtu, na uso hubaki bapa.

Lipo tatizo jingine ambalo watu hulichanganya na kivuli. Kipima mwanga cha kamera hukichukulia kila kinachokiona kuwa kina weupe wa wastani, hivyo bwana harusi mwenye kanzu nyeupe akiijaza picha, kamera hupunguza mwanga na uso wake hutoka mweusi usiosomeka. Hilo ni kosa la mpiga picha, na likitokea kwetu tunarudia kazi bila malipo.

Ngozi nyeusi inahitaji uangalifu wa pekee. Umbo lake huonekana zaidi kwa mng'ao kuliko kwa kivuli, yaani ule utepe wa mwanga unaolala juu ya mfupa wa shavu na pembeni mwa paji la uso. Ukizidisha mwanga ili uso "ung'ae", utepe huo humezwa, na mtu hutoka na rangi ya kijivu ambayo si yake. Kwa hiyo tunamkalisha mteja ubavuni mwa dirisha kubwa lenye pazia jepesi, na upande wa pili tunasimamisha ubao mweupe ili giza lipungue bila kuondoka.

Katika hili tunamtazama sana Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, nchini Mali, mwaka 1948. Mara nyingi alipiga picha uani kwa mwanga wa jua, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu. Kazi yote ya kupanga mkono, kitambaa na mwelekeo wa uso ilimalizika kabla hajabonyeza, na weusi wa ngozi za watu wake hadi leo una uhai.

Picha za pasipoti na vitambulisho hatuzichanganyi na hizi. Hizo sharti ziwe na mwanga sawa pande zote, nasi tunazipiga hivyo.

Ukija kwa picha ya kumbukumbu, iwe ya mama, ya mahafali au ya ndoa, tutakuchapishia nakala mbili ndogo, moja ikiwa na kivuli chake na nyingine iliyong'arishwa, uzitazame mlangoni kwenye mwanga wa mchana badala ya kwenye simu, kisha utuambie ipi tuikuze.