Mhariri, hizo kalipa kubwa mmezipigia hesabu?

Ndugu mhariri,

Safu yenu ya magari ilisema ukitaka gari la zamani la michezo lisimame kama la kisasa we funga kalipa kubwa (kile kibano cha breki chenye pistoni zinazosukuma pedi) na diski kubwa (lile bamba la chuma linalozunguka na tairi na kubanwa na pedi), imeisha. Naomba nipinge. Gari linasimamishwa na tairi. Kama breki ulizonazo zinaweza kujamisha tairi zote nne, yaani kuzifunga zisizunguke, ukikanyaga kwa nguvu basi kalipa kubwa haitakufupishia umbali wa kusimama, itakachokusaidia ni kuhimili joto ukishuka mlima mrefu au ukiwa kwenye mbio, na hilo ni sawa kabisa, ila semeni hivyo.

Chukueni Datsun 240Z, gari la michezo la zamani, mbele diski nyuma dramu, yaani breki ya ngoma inayobana kwa ndani. Watu wanapenda kuifungia kalipa za pistoni nne za pikapu za Toyota za 4x4, maana zinakaa karibu bila shida, labda ukate lile bati la kuzuia vumbi. Haya, presha ya mafuta ya breki inayotoka kwa mguu wako ni ileile mbele na nyuma, kinachobadilika hapa ni eneo la pistoni, sasa ukiliongeza mbele peke yake mbele inabana zaidi na nyuma inabaki palepale, tairi za mbele zinajam mapema wakati za nyuma hata hazijaanza kazi, na gari linaweza kusimama mbali kuliko zamani. Pesa imeenda! Halafu pedali inazama kwa sababu pistoni kubwa zinataka mafuta mengi, ndo maana mtu anatoa masta silinda (ile pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali) ya kipenyo cha inchi 7/8 anaweka ya 15/16, pedali inapanda na inakuwa ngumu kidogo, anafurahi, kumbe uwiano wa mbele na nyuma hajaugusa kabisa.

Wengine wanahamia nyuma, wanang'oa dramu wanafunga diski, na hapa ndo naogopa kweli, maana nyuma inaweza kuzidi nguvu. Ukikanyaga breki uzito unakimbilia mbele na mkia unakuwa mwepesi, tairi za nyuma zikitangulia kujam mkia unakuja mbele na usukani hausaidii kitu. Za mbele zikitangulia gari linanyooka tu, linakataa kona, sio vizuri ila ukilegeza mguu linarudi mkononi. Viwanda vinaacha mbele itangulie kidogo kwa sababu hiyo, sio ubahili.

Kuna valvu ya kuzungusha kwa mkono inayofungwa kwenye bomba la mafuta ya breki za nyuma, hiyo inapunguza presha tu, haiongezi, kwa hiyo kama nyuma yako ni dhaifu toka mwanzo usiitegemee. Ukiiweka toa valvu ya kiwandani inayofanya kazi hiyohiyo, mbili kwenye bomba moja ni vurugu. Na uliyetoka dramu kwenda diski angalia masta silinda kama ina kile kivalvu kinachobakiza presha kidogo kwa ajili ya dramu, ukikisahau pedi zinabaki zinasugua muda wote, unashuka kwenye gari unasikia harufu ya kuungua na rimu ya nyuma haishikiki.

Hosipaipu za zamani, ile mipira ya mafuta ya breki, badilini kwanza, zinavimba ukikanyaga halafu mnalaumu masta silinda.

Kupima mngeeleza hivi: eneo tupu, lami kavu, mtu wa pili asimame pembeni aangalie tairi ipi inajam kwanza, unaanza na nyuma ikiwa imepunguzwa kabisa kwa ile valvu ya mkono unaongeza taratibu mpaka ikaribie mbele bila kuipita. Lami kavu nasisitiza, kwa sababu kwenye maji tairi zinashika kidogo na uzito hauhamii mbele sana, ukiset hapo nyuma itaonekana nzuri, siku ya jua inakuzungusha. Na ukinunua tairi zinazoshika zaidi unarudia upya, ile seti ya mwanzo haina kazi tena.

Msomaji wenu,
Mpenda magari ya zamani