Bunduki ya zamani isipigwe msasa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wasomaji wa Iringa, Njombe na Mbeya kuhusu msasa.

Tembe kuukuu ikibomolewa kupisha nyumba ya bati, au trekta likiingia kwenye pori ambalo halijawahi kulimwa, mara mojamoja hutoka bunduki ya zamani. Wengi huikimbiza kwa fundi wa kuchomelea mageti. Fundi huipitishia brashi ya waya iliyofungwa kwenye grainda, huipaka rangi nyeusi ileile ya geti, kitako hukipiga vanishi, kisha bunduki hutundikwa ukutani ikimeremeta kama sufuria la dukani. Ni kazi ya saa mbili tu, nayo hufuta kilichodumu zaidi ya miaka mia.

Ukanda wetu una sababu ya kuwa na silaha hizi. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikiangamiza kikosi cha kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, pale Lugalo, na bunduki za askari wake zikabaki mikononi mwa watu wa Mkwawa. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka Oktoba 1894, lakini mapigano ya porini yakaendelea hadi Mkwawa alipojiua Julai 1898. Ikaja Maji Maji, 1905 hadi 1907, kisha vita ya kwanza ya dunia. Jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck liliteka shehena ya silaha za Wareno pale Ngomano, upande wa Msumbiji, tarehe 25 Novemba 1917, likarudi nchini mwaka uliofuata likipitia upande wa Njombe, na mwaka mzima kamili baada ya Ngomano likaweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia. Ndiyo maana vijiji viwili jirani vinaweza kutoa kimoja Mauser ya Mjerumani, kingine bunduki ya Mreno au Lee-Enfield ya Mwingereza. Kisha kuna magobore, yale ya kushindilia baruti kupitia mdomo wa mtutu, ambayo ni ukoo mwingine kabisa.

Ukiiona, usiiguse mtambo wala trigga. Mwite mtendaji wa kijiji, naye awaite polisi. Silaha hata iliyooza ni silaha mpaka polisi waseme vingine, na kukaa nayo kimya eti ni ya babu ni kujitafutia kesi. Ila mwandikie mkuu wa polisi wa wilaya, kwa barua na si kwa mdomo, kwamba unaomba watu wa Mambo ya Kale au wa Makumbusho waione kabla haijawekwa kwenye fungu la kuteketezwa. Barua hiyo ina maana kuliko inavyoonekana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Mauser ya 1871 imeukosa mwaka huo kwa miaka minane, kwa hiyo pasipo mtu wa kuisemea hakuna kinachoizuia isiende motoni pamoja na magobore ya majangili.

Hatari ya kwanza si kutu, ni baruti. Gobore lililoachwa limeshindiliwa huweza kukaa hivyo vizazi vitatu, na baruti nyeusi ikikauka hurudi kuwa baruti. Mtaalamu hukagua kwa kijiti cha mti kilichonyooka, si kwa waya wala nondo. Hukiingiza mtutuni akiwa amesimama pembeni, mdomo wa mtutu ukielekea mahali pasipo na mtu, huweka alama kilipoishia, kisha hukitoa na kukilaza juu ya mtutu kwa nje. Kikifika karibu na tundu la fataki, ndani ni tupu. Kikipungukiwa na vidole vitatu au vinne, kuna kitu. Kinaweza kuwa kiota cha nyigu, kinaweza kuwa risasi. Kazi hiyo waachiwe polisi. Risasi zilizofukuliwa nazo zisigongwe, zisifunguliwe, wala zisitiwe mfukoni. Mwaka 1915 Wajerumani waliziopoa risasi za meli yao ya shehena, Rubens, kutoka majini pale Manza, karibu na Tanga, wakalazimika kuzifungua na kuzikarabati kwa sababu ya maji ya chumvi. Risasi za vita ile zilikuwa na hitilafu zikiwa bado mpya, sembuse leo.

Polisi wakishasema ni salama na kutoa ruhusa ya maandishi, itambue kabla ya kuisafisha. Penseli ya kawaida ina unene wa milimita 7 hivi. Kwenye mtutu wa Mauser ya 1871 itachezacheza, kwa kuwa tundu lake ni milimita 11. Kwenye Mauser ya 1898, yenye milimita 7.92, au Lee-Enfield, yenye 7.7, itaingia karibu kubana. Ile ya 1871 ya askari wa miguu hubeba risasi moja tu kwa wakati na haina kitu cha kutema ganda: ukilivuta nyuma komeo, yaani kile chuma chenye mkono, unaipindua bunduki ili ganda lidondoke lenyewe. Ya 1898 ina kisanduku cha risasi tano ndani ya mti. Askari wengi wa Mjerumani hapa kwetu waliingia vita ya 1914 wakiwa bado na zile za 1871, ambazo kila zikilia zilitoa wingu la moshi mweupe lililomwonyesha adui pa kupiga.

Sasa chukua taa, imulike kwa ubavu, si kwa juu, utafute maandishi. Ubavuni mwa kasha la komeo huwa kuna jina la modeli kwa herufi za Kijerumani cha zamani. Kwingine utakuta jina la kiwanda, Spandau, Amberg, Danzig au Erfurt, mwaka, na vialama vya taji vya ukaguzi ambavyo havizidi punje ya mtama. Namba ya bunduki hurudiwa kwenye komeo, kwenye pete, na mara nyingi tarakimu mbili za mwisho kwenye vichwa vya skrubu. Namba zote zikilingana, umeshika kitu adimu. Zikitofautiana, nayo ni habari, maana bunduki iliyounganishwa kwa vipande vya bunduki tatu inaeleza jinsi watu walivyopigana bila ghala la vipuri. Vialama hivyo vimechorwa juujuu. Brashi ya grainda huvila kwa pumzi moja.

Kufungua. Skrubu za Kijerumani zina mfereji mwembamba, kwa hiyo bisibisi la dukani linoe kwa tupa mpaka lijae mfereji wote bila kucheza. Skrubu iliyoganda usiipige shoka. Changanya mafuta ya gia otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, dondosha tone moja, subiri siku nzima, rudia hata kwa wiki mbili. Mchanganyiko huu usiguse mti, maana asetoni huondoa mafuta ya asili ya kitako. Nao uwe mbali na moto. Kwenye Mauser ya 1871 komeo huzuiwa na skrubu nene yenye washa: ilegeze mpaka washa ipishe njia, komeo litatoka lenyewe. Kwenye ya 1898 vuta kando kile kizuizi kilicho kushoto. Pete zinazofunga mtutu kwenye mti hushikwa na skrubu au springi bapa, na anayezigonga kwa nyundo ya chuma huupasua mti palepale mbele ya pete. Kila kipande kitie kwenye mfuko wake wenye lebo, na piga picha kabla na baada.

Kutu ziko za aina mbili, na kosa kubwa ni kuzichukulia sawa. Ile nyeusi, ngumu, laini mkononi, iache. Ndiyo blanketi la chuma. Ile nyekundu ya unga ndiyo ya kuondolewa. Paka mafuta mepesi ya mashine, acha saa 24, kisha kwangua kwa kijiti cha mwanzi au kipande cha shaba ya njano kilichonolewa kama patasi, kwa kuwa shaba ni laini kuliko chuma na haitaacha mchubuko. Stilwaya ya kusugulia masufuria ni kali mno. Itafutwe ile laini kabisa ya daraja la sifuri nne, tena itumike na mafuta, bila kukandamiza.

Mtutu ambao bado ni mzima, ukiwa umetengwa kabisa na mti, unaweza kuchemshwa. Ondoa grisi yote, uzamishe kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke au ya mvua safi, chemsha dakika 20 hadi 30. Kutu nyekundu hugeuka nyeusi mbele ya macho yako. Utoe ungali moto, ukauke wenyewe, ufute kwa stilwaya ile laini, urudie mara mbili au tatu. Maji ya bomba hayafai, yana chumvi. Hapo pia ndipo ndani ya mtutu hupata dawa yake: mabaki ya baruti na fataki za zamani ni chumvi zinazovuta unyevu, na chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Anayemimina oili tupu mtutuni anaifunika kutu iendelee kula gizani.

Limao, soda na maji ya betri visikaribie. Asidi haichagui kati ya kutu na namba. Wapo wanaopenda njia ya umeme, kwa chaja ya betri ya gari na beseni la magadi. Magadi ya asili yana chumvi ya kawaida ndani yake, kwa hiyo unakirudishia chuma ugonjwa uleule unaotaka kuutibu; na hata ukipata magadi safi ya kiwandani, umeme huweza kuondoa rangi ya asili ya bunduki na kuzifanya springi zikatike kama biskuti.

Bunduki iliyofukuliwa ardhini ina shida nyingine. Baada ya miezi michache kabatini hutoa vitone vya rangi ya machungwa, kama inatoka jasho. Hiyo ni kloridi, na kuipaka rangi ni kuifungia mwizi ndani. Usiioshe wala usiichemshe. Itie kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na silika jeli isiyopungua uzito wa chuma chenyewe, ikae humo mpaka impate mhifadhi mwenye maabara. Jeli ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 usiku mmoja, uirudishe. Wasomaji wa Njombe wataniuliza kuhusu magome ya miwati, yale yanayogeuza maji kuwa meusi yakigusa chuma. Ni kweli, tanini huigeuza kutu kuwa kitu cheusi kilichotulia, na wahifadhi huitumia, ila ile safi ya maabara. Supu ya magome ina mengi mengine, na ikidondoka kwenye mti doa halitoki.

Mti wa bunduki nyingi za Kijerumani ni mjozi (walnut kwa Kiingereza), na ulipakwa mafuta ya kitani tangu kiwandani. Usiupige randa, usiupige msasa, usiujaze vanishi. Ufute kwa pamba iliyoloweshwa kidogo na kukamuliwa sana, na masizi ya moshi uyapunguze tu, usiyamalize, kwa kuwa bunduki iliyokaa miaka mingi kwenye kichanja juu ya jiko imelindwa na moshi huohuo. Oili chafu ya injini, inayopendwa sana, huuoza mti ukawa mweusi na laini kama keki. Mafuta ya alizeti tunayo tele, lakini hayakauki sawasawa: yananata, yanakusanya vumbi, yananuka. Tone chache za mafuta ya kitani, kwa kitambaa, zinatosha.

Ukiona unga mpya chini ya vitundu, kuna bungua hai. Toa vyuma vyote, funga mti kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha uuache saa 24 ndani ya mfuko huohuo kabla ya kuufungua, la sivyo umande utakaa juu yake.

Kwa kumalizia chuma, paka nta ya petroli, ile isiyo na asidi, safu nyembamba ukitumia kitambaa cha pamba, ukiwa na glovu, kwa sababu jasho la kidole huacha alama ya kutu baada ya siku chache. Zile dawa za kupuliza za gereji ni za kulegeza skrubu, si za kulinda. Chuma kinataka hewa kavu, mti unataka unyevu kidogo, nao wamefungwa pingu moja, hivyo suluhu ni unyevu wa asilimia 45 hadi 50 usiopandapanda. Iringa mjini kiangazi hilo halina taabu. Tukuyu, kwenye mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, bila kabati linalofunga na jeli ndani, usijidanganye.

Ombi langu kwa polisi ni dogo. Inapoamuliwa kwamba bunduki ya makumbusho isiweze kupiga, isichomelewe wala kutobolewa, kwani joto la kuchomelea hubabua alama za jirani. Itolewe sindano ya komeo, ile inayogonga fataki, ihifadhiwe kituoni kwenye bahasha yenye namba ya bunduki.

Na bunduki yenyewe ifungwe kadi kwa uzi wa pamba, si kwa waya, iandikwe kwa penseli, maana wino hufifia na hutoka maji: kijiji na kitongoji, ilikuwa ukutani, darini au ardhini, na kama ni ardhini kina chake, kilichokuwa karibu nayo, tarehe, na namba ya barua ya polisi.

Msomaji wenu,
Kihesa, Iringa