Usiache kubadili maji, lisha mimea

Tanga,
Jumapili jioni

Swahiba wangu Idrisa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila mvua imetukalisha ndani. Hofu ni kwenu. Picha za tangi lako la samaki na mimea ya majini nimezikodolea macho mpaka mke wangu akauliza kama ni za mchumba.

Nilichokiona ni hiki: majani ya chini yamegeuka njano, ya juu bado kijani safi. Hiyo ni njaa ya nitrojeni. Mmea ukiikosa, huinyonya kwenye jani kuukuu na kulipelekea changa. Ingekuwa upungufu wa chuma, yangepauka machanga kwanza, maana chuma kikishakaa kwenye jani hakihami.

Sasa huyo jirani anayekuambia uache kubadili maji "rutuba isipotee", nusu ya maneno yake ni kweli. Ukimwaga nusu ya tangi, umemwaga na nusu ya chakula. Lakini uchafu wa samaki nao umeondoka, pamoja na mbolea iliyobaki bila kuliwa. Tena samaki sita wadogo hawawezi kukilisha kichaka kile, hata ukae mwaka mzima hujagusa ndoo.

Mimi nabadili nusu kila Jumapili, ndipo natia mbolea. Ukitanguliza mbolea, unalisha mtaro. Tangi langu ni lita 100, na gramu 1 ya potasiamu naitreti, ndiyo mbolea yangu, inaongeza naitreti (nitrojeni katika hali ambayo mimea huila) kama miligramu 6 kwa lita. Kwa wiki natia gramu 1.5, nikiigawa mara tatu. Jumla yake kama miligramu 9 kwa lita. Hata mimea ikigoma kula kabisa, naitreti ya mbolea haitapita 18, mara mbili ya dozi ya wiki, kwa kuwa kila Jumapili nusu inakwenda zake. Ukibadili robo tu, kwa dozi ileile naitreti itapanda hadi mara nne yake. Ndiyo maana vipimo vyangu vya maji vimeota vumbi kabatini.

Fosfeti, mbolea ya fosforasi, kidogo tu, kwa ncha ya kijiko. Ukiona vidoa vya kijani vimeng'ang'ania kioo na sponji haiviwezi, mara nyingi ni hiyo imepungua. Usikimbilie kuikata zaidi. Ule mmea wa Anubias wa kwenye gogo hauna makuu, unakua polepole na kula kidogo.

Ila nakusihi, CAN, ile mbolea ya shambani ya punje, usiisogeze. Niliwahi kutia punje chache, nikijiambia mbolea ni mbolea. Baada ya muda mfupi samaki wangu wote, guppy, walikuwa juu, midomo wazi, wanahema. Karibu nusu ya nitrojeni yake ni ya amonia, na maji ya kisima chetu, yanayotoka kwenye mwamba wa matumbawe, yana chokaa tele na pH (kipimo cha uasidi) iliyo juu, yaani hayana uasidi. Humo amonia huwa sumu kali. Nilibeba ndoo hadi saa sita usiku. Kati ya 12 walipona 7.

Potasiamu naitreti iulizie duka la pembejeo, kwa wanaouza mbolea za umwagiliaji wa matone. Wiki hii usihangaike lakini: mpwa wangu anapanda basi Alhamisi, nimempa robo kilo. Juu ya mfuko nimeandika SI CHUMVI kwa herufi kubwa. Hata hivyo, uweke mbali na jiko la shemeji.

Wako,
Bakari